Kasubi na Mengo: Makasri ya Buganda kwa Mwanafunzi Atokaye Levolosi

Kata ya Levolosi, katika Jiji la Arusha, imo katika eneo lisilojua kasri la mfalme. Waarusha waliongozwa kwa marika, yaani makundi ya wanaume waliotahiriwa katika kipindi kimoja, na kila rika lilikuwa na laigwanani, msemaji wake barazani. Wameru nao walikuwa na Mangi, mtawala wao mkuu, lakini jengo la kale la utawala linaloonekana mjini hadi leo ni Boma la Wajerumani la mwaka 1900, ambalo sasa ni makumbusho. Kwa hiyo ziara ya masomo inayovuka mpaka wa Namanga na kupita Kenya hadi Kampala humfikisha mwanafunzi mbele ya kitu ambacho kwao hakipo, na pengine hakifanani na kasri alilolizoea katika picha za vitabuni.

Huko Kampala, katika eneo la Mengo, lipo Lubiri, yaani makao ya Kabaka, mfalme wa Buganda, ambalo tarehe 24 Mei 1966 lilishambuliwa na jeshi la serikali ya Uganda ya Milton Obote likiongozwa na Idi Amin. Kabaka Edward Muteesa II alikimbilia Uingereza, akafia London mwaka 1969, na mwili wake ukarudishwa mwaka 1971 kuzikwa Kasubi, katika jiji hilohilo la Kampala.

Kasubi ndiko penye hazina yenyewe. Jengo lake kuu, Muzibu Azaala Mpanga, lilijengwa mwaka 1882 kuwa kasri la Muteesa I, na alipofariki mwaka 1884 likawa kaburi lake, na baadaye la Makabaka watatu waliomfuata. Ni nyumba ya msonge yenye upana wa meta 31 hivi, paa lake la nyasi likishuka karibu kugusa ardhi. Mgeni huvua viatu mlangoni, na akiinua macho huona pete 52 zilizosukwa na kupangwa hadi kileleni, zikiwakilisha koo za Waganda. Mbele yake limetundikwa pazia la lubugo, nguo inayotengenezwa kwa kupondaponda gome la mti wa mutuba, na nyuma ya pazia hilo ni Kibira, yaani msitu, ambamo Kabaka huaminika kuwa ametoweka, kwa maana Waganda hawasemi kwamba amekufa.

Kuezeka paa hilo ni haki ya ukoo wa Ngeye, yaani mbega, na kupamba pete ni kazi ya ukoo wa Ngo, yaani chui. Ukongwe wa kasri hili, basi, umo zaidi mikononi mwa watu kuliko ulivyo katika nyasi, ambazo hazina budi kubadilishwa, na hilo lilidhihirika kwa uchungu tarehe 16 Machi 2010, moto ulipoliteketeza jengo ambalo UNESCO ililiorodhesha kuwa urithi wa dunia mwaka 2001. Kulijenga upya kulichukua zaidi ya miaka kumi, na mwaka 2023 Kasubi ikaondolewa katika orodha ya urithi ulio hatarini.