Duka Kubwa Mwisho wa Barabara: Safari ya STC na RTC hadi Songea

Huko Ulaya, duka kubwa lenye kila kitu chini ya paa moja lilizaliwa na wafanyabiashara binafsi. Charles Henry Harrod alihamishia biashara yake Knightsbridge, London, mwaka 1849. Mwaka 1852 Aristide Boucicaut aliingia ubia katika duka la Le Bon Marché mjini Paris, akaweka utaratibu uliokuja kuigwa kila mahali: bei imeandikwa, hakuna kupatana, na mteja asiyeridhika anarudisha bidhaa. Adolf Jandorf naye alifungua Kaufhaus des Westens mjini Berlin mwezi Machi 1907, likiwa na vitambaa, manukato na vyombo vya mezani kwa wenye nazo. Wakati milango ya duka hilo inafunguliwa, Ungoni, nchi inayouzunguka mji wa Songea kusini mwa Tanzania, kulikuwa na njaa. Mwaka mmoja tu ulikuwa umepita tangu tarehe 27 Februari 1906, siku ambayo dola hiyohiyo ya Berlin iliwanyonga mashujaa wa Maji Maji mjini Songea. Jeshi lake lilikuwa limechoma vijiji na maghala ya chakula.

Songea nayo ilikuja kupata duka lake kubwa. Lilichelewa, na halikuwa la tajiri yeyote. Lilikuwa la umma, na watu walilijua kwa herufi tatu: RTC, yaani Kampuni ya Biashara ya Mkoa. Kwa zaidi ya miaka 10 sabuni, sukari, jora la kitambaa, betri na baiskeli vilipitia kwanza kwenye ghala la kampuni hiyo. Historia yake hutajwa kwa haraka, mara nyingi kama kichekesho cha foleni. Inastahili kusimuliwa kwa utulivu zaidi, kwa sababu inaeleza mambo mengi ambayo takwimu za mavuno haziwezi kuyaeleza peke yake.

Biashara ya nguo ilifika Ungoni zamani, kabla ya boma la Wajerumani lililojengwa mwaka 1897. Misafara ya Kilwa iliyokwenda Ziwa Nyasa ilipita huku, ikileta nguo, shanga na bunduki, ikarudi na pembe za ndovu na watumwa. Baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia, Waingereza walipochukua nchi, duka la kawaida la mji mdogo wa bara lilikuwa la familia ya Kihindi. Kaunta ilikuwa ya mbao, nyuma yake rafu za nguo, barazani fundi cherehani, na pembeni mizani ya kununulia nta na mazao. Fedha ya kununulia ilitoka mbali. Songea ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizopeleka vibarua wengi kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga na kwingineko, na manamba aliyemaliza mkataba alirudi na sanduku la nguo. Fedha ya nyumbani ilianza kuonekana kwa tumbaku ya moshi. Mwaka 1936 wakulima waliunda Chama cha Ushirika cha Wangoni na Wamatengo, NGOMAT, ambacho makao yake yalikuwa Songea.

Wakati huohuo, pwani kulikuwa na kampuni ya aina nyingine kabisa. Smith Mackenzie ilianza kwa jina hilo Zanzibar mwaka 1877. Ilikuwa wakala wa meli za British India, ambazo zilikuwa zikileta barua na shehena tangu 1872, na mwaka 1887 ilishughulikia vifaa na wapagazi wa msafara wa Henry Morton Stanley uliokwenda kumtafuta Emin Pasha. Baadaye ikasambaa Mombasa na Dar es Salaam. Kampuni za namna hii hazikutegemea mteja wa sabuni ya senti 10. Zilishika mlango wa nchi. Ziliagiza mali kutoka nje, zikaiuza kwa jumla, zikakata bima na kuajiri makarani wa kuandika hati za meli. Mwenye duka la Songea alikuwa mwisho wa mnyororo huo, na mteja wake ndiye aliyebeba gharama za kila mkono uliopitisha mzigo.

Baada ya Uhuru, mnyororo huo ndio serikali ilioutaka. Mwaka 1962 kiliundwa COSATA, chama cha kuuza bidhaa kwa maduka ya ushirika, na katika miaka hiyohiyo ya mwanzo ya Uhuru ikaundwa kampuni ya INTRATA kwa biashara ya nje. Kisha likaja Azimio la Arusha. Mwezi Februari 1967 serikali ilitaifisha kampuni kubwa za biashara na kuziunganisha katika Shirika la Biashara la Taifa, STC. Sheria ilizitaja kwa majina: Smith Mackenzie, Dalgety, A. Baumann, Twentsche, African Mercantile, Wigglesworth, pamoja na INTRATA na COSATA zenyewe. Kampuni iliyomhudumia Stanley ikawa, kwa upande wa Tanzania Bara, mali ya mkulima wa tumbaku wa Namtumbo. Mwaka 1970 serikali ilikwenda mbali zaidi, ikatangaza kwamba STC ichukue biashara yote ya kuagiza mali nje na ya jumla.

Lipo jambo moja la STC ambalo halisemwi vya kutosha. Reli ya TAZARA ilijengwa kwa mkopo wa China wa yuan milioni 988, usio na riba. Mkopo huo haukuletwa wote kwa fedha. Gharama za ndani, yaani mishahara ya maelfu ya wafanyakazi, chakula chao na vifaa vilivyopatikana nchini, zililipwa kwa njia ya bidhaa. China ilileta mali ya dukani, STC ikaiuza, na fedha ya mauzo ikaenda kwenye ujenzi. Ndiyo maana miaka ile nyumba nyingi zilikuwa na sinia na bakuli za enameli zenye maua mekundu, ukingo wake umechorwa mstari wa buluu unaobanduka pale chombo kinapoanguka na kuacha doa jeusi la chuma. Ndiyo maana pia chupa za chai za Kichina zilipangwa kwenye kabati la sebuleni, zikashushwa mgeni akija. Mama aliyenunua sinia lile alichangia reli inayopita Makambako, kituo ambacho baadaye kilikuwa mlango wa mizigo ya Ruvuma, mkoa ambao makao yake ni Songea. Ni ukurasa wa heshima katika historia ya duka la umma.

Lakini STC ilikuwa mwili mkubwa wenye kichwa kimoja, Dar es Salaam. Karani wa makao makuu ndiye aliyeamua saizi za viatu vitakavyouzwa mikoani. Mali ilirundikana mahali pamoja na kukosekana pengine. Mwaka 1972 serikali ilianzisha sera ya madaraka mikoani, na mwaka uliofuata STC ikavunjwa. Kazi ya kuagiza na kusambaza kitaifa ikagawanywa kwa kampuni maalumu, kama DABCO ya baiskeli na vyombo vya nyumbani na AISCO ya zana za kilimo na viwanda. Kila mkoa ukapata Kampuni yake ya Biashara, RTC, chini ya Bodi ya Biashara ya Ndani. Tume ya Bei, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, ikapanga bei za bidhaa moja baada ya nyingine.

Hapo Songea ikakutana na wazo la Boucicaut la bei isiyopatanwa, ila kwa nia tofauti kabisa. Paris, bei iliyoandikwa ilikuwa mbinu ya kuvuta wateja na kuzungusha mali haraka. Songea, bei hiyo ilikuwa ahadi ya haki: raia aliyeko zaidi ya kilomita 900 kutoka bandari ya Dar es Salaam asinyonywe kwa sababu tu amezaliwa mbali. Ahadi hiyo ilikuwa sahihi. Haki yenyewe, hata hivyo, ilibebwa na lori, na barabara ya karibu kilomita 300 kutoka Makambako kupitia Njombe ilikuwa bado ya udongo. Masika yakichachamaa, lori la sukari lilinasa na rafu zikabaki wazi.

Mwaka 1976 mtoto wa mkoa huuhuu ndiye aliyelisukuma wazo hilo hadi ukingoni. Rashidi Kawawa, mzaliwa wa Matepwende, wakati huo akiwa Waziri Mkuu, alisimamia Operesheni Maduka. Maduka ya watu binafsi yafungwe, ya ushirika na ya vijiji yachukue nafasi. Kawawa aliamini kwa dhati kwamba mwenye duka binafsi ndiye mnyonyaji wa kwanza anayekutana na mkulima. Kasoro ilikuwa katika mpango. Maduka yalifungwa kabla mengine hayajawa na mtaji, hesabu wala usafiri, na vijiji vingi vikajikuta havina pa kununua chumvi. Baada ya miezi michache serikali ilikanyaga breki. Mwezi Mei mwaka huohuo vyama vikuu vya ushirika vilifutwa nchi nzima, na NGOMAT ikaenda navyo. Kati ya maamuzi haya mawili, hilo la pili liliumiza Ruvuma zaidi, maana lilimwondolea mkulima chombo alichokijenga mwenyewe kwa miaka 40.

Mengine yalitoka nje ya uwezo wa mkoa: bei ya mafuta iliyopanda 1973 na tena 1979, ukame, kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki 1977, na vita ya Kagera ya 1978 na 1979. Fedha za kigeni zikakauka. Viwanda vikakosa malighafi na vipuri, na vingi vikafanya kazi chini ya nusu ya uwezo wake. RTC haikuzalisha chochote. Iligawa kilichokuwapo, na kilichokuwapo kilikuwa kidogo.

Msamiati wa duka ukabadilika: kibali, mgawo, foleni, ulanguzi, magendo. Watu waliweka jiwe au tofali kushika nafasi usiku, wakarudi alfajiri kusimama penye jiwe lao. Mche wa sabuni ulikatwa vipande, na kipande kikatunzwa. Sera ya serikali ilikuwa imezuia bidhaa za anasa ili fedha itumike kwa mahitaji ya lazima, na kufikia mwaka 1982 doti ya khanga na sabuni ya kuogea vyenyewe vilikuwa anasa. Kibaya zaidi, aliyekuwa na kibali alipata kwa bei ya Tume, na asiye na kibali alinunua kwa mlanguzi kwa bei ya kuruka. Bei ya haki ikawa faida ya mwenye kujuana.

Madhara yake Ruvuma yalikuwa makubwa kuliko usumbufu wa foleni. Bei moja ya mahindi kwa nchi nzima, iliyoanza katikati ya miaka ya 1970, iliufanya mkoa huu, pamoja na Iringa, Mbeya na Rukwa, kuwa ghala la taifa. Mkulima wa Songea aliuza kwa Shirika la Usagishaji la Taifa akapata noti. Noti hizo zikakosa cha kununua. Wachumi walioichunguza Tanzania ya miaka ile walieleza kwamba mkulima asiye na bidhaa ya kununua hupunguza mazao anayopeleka sokoni, na hoja hiyo haihitaji hesabu ngumu. Nani atapalilia eka ya ziada ili apate karatasi? Rafu tupu ilikuwa mwanzo wa ghala tupu. Kampeni ya Waziri Mkuu Edward Sokoine dhidi ya wahujumu uchumi mwaka 1983 iliibua mali iliyofichwa, lakini haikuweza kutengeneza mali ambayo haikuwapo.

Mlango ulifunguliwa na bajeti ya Juni 1984. Mwenye fedha zake za kigeni aliruhusiwa kuagiza bidhaa. Baada ya Ali Hassan Mwinyi kushika uongozi mwaka 1985, mitumba na redio zikajaa, na katika miaka hiyohiyo ya 1980 lami ya Makambako ikafika Songea. Mali ikaja kwa lori la mfanyabiashara. RTC, ambazo uhai wao ulikuwa mgawo, zikabaki bila kazi, na katika miaka ya 1990 serikali iliachana nazo, mali zao zikauzwa au kupangishwa. Minyororo ya maduka makubwa ya kigeni iliyofuata, Shoprite ya Afrika Kusini tangu 2001 na Nakumatt ya Kenya tangu 2011, ilisimamisha mabango Dar es Salaam, Arusha na Moshi, kisha yote miwili ikaondoka.

Waliofanya kazi RTC na STC, makarani, madereva na wauza duka, sasa ni wazee. Daftari za mgawo, stakabadhi na vibali vya miaka ile bado huenda viko kwenye masanduku ya familia katika mitaa ya Songea kama Mfaranyaki, Lizaboni na Bombambili. Makumbusho ya Maji Maji mjini Songea yamehifadhi vyema kumbukumbu ya vita. Yafungue pia chumba cha biashara, na kila aliye na karatasi au chombo cha enzi hizo akipeleke huko kabla hakijatupwa.