Shule ya udaktari iliyowafungulia wanafunzi njia ya mashambani

KWA zaidi ya miongo miwili baada ya uhuru, Kenya ilikuwa na shule moja tu ya kufunza madaktari, ile ya Chuo Kikuu cha Nairobi iliyoanzishwa mwaka wa 1967. Kabla ya hapo, Mkenya aliyetaka udaktari aghalabu alielekea Makerere, Uganda.

Hali ilibadilika mwaka wa 1990, Kitivo cha Sayansi ya Afya cha Chuo Kikuu cha Moi kilipowapokea wanafunzi wake wa kwanza mjini Eldoret. Swali lililohitaji jibu lilikuwa hili: daktari aliyezoea hospitali kubwa ya jiji atamfaaje mgonjwa wa zahanati isiyo na eksirei wala maabara?

Jibu lilikuwa na sehemu mbili. Kwanza, badala ya kutegemea mihadhara pekee, wanafunzi huketi katika vikundi vidogo, wakapewa kisa cha mgonjwa na kutafuta wenyewe maarifa ya kukitatua. Mhadhiri huwa mwelekezi tu. Pili, kuna mafunzo ya nyanjani yajulikanayo kama COBES, ambapo wanafunzi huondoka chuoni kwa wiki kadhaa na kujiunga na vituo vya afya mashambani. Huko hujifunza jinsi maji, lishe na umaskini vinavyozaa maradhi, na baadaye hufanya utafiti miongoni mwa wakazi.

Mafunzo ya wodini hutolewa katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi. Ushirikiano na Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, ulizaa mpango wa AMPATH mwaka wa 2001, ulioanza kwa kuwahudumia wagonjwa wa Ukimwi magharibi mwa Kenya.

Shahada huchukua miaka sita. Hata hivyo, mhitimu hawezi kusajiliwa kikamilifu kabla ya kuhudumu mwaka mmoja kama daktari mwanagenzi. Hapo ndipo penye mwiba. Mwaka wa 2024, madaktari waligoma kwa siku 56, mzozo mkuu ukiwa malipo ya wanagenzi: serikali ilipendekeza Sh70,000 kwa mwezi, ilhali mkataba wa 2017 uliwapa takriban Sh206,000.

Mwanagenzi asipopangiwa kituo, elimu ya miaka sita husimama mlangoni. Anayeumia zaidi ni mgonjwa wa kijijini, yule yule ambaye mfumo wa Eldoret ulibuniwa kwa ajili yake.