KABIDI: Ngumu kupita feleji, lakini haivumilii kishindo

FUNDI anapotoboa ukuta wa mawe kwa kekee ya umeme, kinacholikata jiwe si feleji bali kipande kidogo cha rangi ya kijivu kilichoshikizwa kwenye ncha yake. Kipande hicho ni kabidi ya tangsteni. Huchukua muda mrefu kulika, lakini kikikwama kisha kikalazimishwa kwenda upande, humeguka ghafla.

Kabidi ni muungano wa kaboni na elementi nyingine. Tunazozizungumzia hapa ni zile ngumu, za silikoni, boroni na tangsteni, wala si ile ya kalisi ambayo wachomeleaji huitia maji ili kupata gesi.

Ugumu hupimwa kwa kugandamiza ncha ya almasi juu ya nyenzo na kuupima mwacho wake. Feleji iliyotiwa ugumu hufikia takriban gigapaskali 8. Kabidi ya silikoni hukaribia 25, nayo ya boroni hufika 30 hivi. Ndiyo sababu kabidi ya silikoni hutumiwa katika vizibo vya pampu zinazovuta maji yenye mchanga: chembe za mchanga ni laini kuiliko, hivyo haziwezi kuikwaruza.

Hata hivyo, ugumu si uimara. Katika madini, tabaka za atomi huweza kuteleza, nayo feleji ikipigwa hupinda kabla ya kuvunjika. Katika kabidi, atomi zimefungamana kwa nguvu mno hata haziwezi kuteleza. Ufa ukianza, hukimbia hadi mwisho. Kwa kipimo cha wahandisi cha ukinzani wa ufa, kabidi ya silikoni hupata kati ya 3 na 5, ilhali feleji nyingi hupita 50.

Kabidi ya silikoni ilianza kutengenezwa kwa wingi na Edward Acheson wa Marekani, aliyeigundua mnamo 1891 alipokuwa akijaribu kuunda almasi. Dawa ya udhaifu wa kabidi ilipatikana Ujerumani. Mnamo 1923, Karl Schröter wa kampuni ya Osram alichanganya unga wa kabidi ya tangsteni na kobalti, akaugandamiza na kuupasha joto hadi ukashikamana. Kampuni ya Krupp iliiuza nyenzo hiyo kwa jina Widia, yaani "kama almasi" kwa Kijerumani.

Kobalti hiyo, ambayo leo zaidi ya nusu yake duniani huchimbwa katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hufanya kazi ya saruji baina ya kokoto. Ikizidishwa, chombo huhimili kishindo lakini hulika upesi. Ikipunguzwa, hudumu kikikata lakini huvunjika kwa urahisi. Kwa hivyo ncha ya kutobolea mwamba hutiwa kobalti nyingi kuliko ile ya kuchongea chuma kwa ulaini.

Kwa mtumiaji, funzo ni wazi. Usiitumbukize ncha yenye moto katika maji baridi, kwani itapasuka. Usiitumie kama patasi. Na anayeinoa avae miwani na kifunika pua: vumbi la tangsteni na kobalti huharibu mapafu, nayo hayanoleki tena.