Mia ya Ossulstone: Nchi Iliyomezwa na Mji

Mtu akifika London, kati ya stesheni za Euston na St Pancras ataiona njia iitwayo Ossulston. Wapitao hapo ni wengi, lakini ni wachache wajuao ya kuwa jina hilo zamani lilikuwa jina la nchi nzima.

Siku za kale majimbo mengi ya Uingereza yaligawanywa katika tarafa, na kila tarafa iliitwa Mia. Jina hilo yadhaniwa latokana na mashamba mia, kila shamba la kutosha kulisha jamaa moja. Katika jimbo la Middlesex palikuwa na Mia ya Ossulstone, maana yake jiwe la Oswulf. Imetajwa katika kitabu cha hesabu ya ardhi kilichoandikwa kwa amri ya Mfalme William mwaka 1086. Nchi hiyo iliuzunguka mji wa London mashariki, kaskazini na magharibi, nayo ilikuwa na makonde, malisho na vijiji.

Watu wa Mia walikuwa na baraza lao la kuamua madeni na ugomvi. Tena kwa sheria ya mwaka 1285, mtu akinyang'anywa mali na mwivi asipatikane, watu wa Mia walipaswa kulipa hasara yake. Hivyo kila mtu alikuwa na sababu ya kumlinda jirani yake.

Lakini mji ulizidi kukua. Katika karne ya 17 Ossulstone iligawanywa mafungu manne: Finsbury, Holborn, Kensington na Tower. Mwaka 1829 wakawekwa polisi wa mshahara, na mwaka 1837 gari la moshi likafika Euston. Penye malisho pakajengwa nyumba, wakaingia wageni wasiojuana. Je, watu wasiojuana wawezaje kudhaminiana? Basi mwaka 1886 hata fidia ya mali iliyoharibiwa katika fujo iliondolewa kwa watu wa Mia, ikatolewa katika fedha za polisi. Mwaka 1889 sehemu kubwa ya Ossulstone ikatiwa katika jimbo jipya la London, na mwaka 1965 baraza la Middlesex nalo likakoma.

Jiwe la Oswulf halipo tena. Mipaka ya Mia haikufutwa kwa vita, bali kwa matofali, nyumba baada ya nyumba. Na ule wajibu wa jirani kwa jirani ukageuka kuwa kazi ya watu walipwao. Hasara hiyo haionekani katika ramani yo yote.