Mbweha, Ngawa na Zabadi: Kufuga Mnyama wa Porini katika Pwani Yetu, Baina ya Fiqhi na Historia

Sifa zote njema zinamstahikia Allah, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na maswahaba wake wote. Ama baad.

Baada ya darasa la Maghrib hapa Bagamoyo, kijana mmoja alitusogelea na suala. Amenunua kitoto cha mbweha kutoka kwa wachoma mkaa, anakifuga uani, na watoto wake wamekipenda. Akauliza: "Sheikh, nimesikia kwamba katika madhehebu yetu ya Shafii mbweha ni halali. Basi kumfuga kuna ubaya gani?"

Tulimwomba atupe siku chache. Suala hili ni dogo kwa kulitazama, lakini ndani yake mna kosa la tarjuma, mna historia ya pwani yetu, na mna jambo lililotusibu sisi wenyewe tulipokuwa wanafunzi.

Thaalab si ibn-awa

Tuanze na tarjuma. Imam Nawawi (Allah amrehemu), aliyefariki mwaka 676 Hijria (1277), ameandika katika Minhaj, kitabu ambacho wanafunzi wengi wa pwani hii wamekipitia, kwamba thaalab ni halali kuliwa. Vitabu vyetu vingi vya Kiswahili hufasiri thaalab kuwa ni mbweha. Hapo ndipo kijana wetu aliposikia alilolisikia.

Lakini Imam huyo huyo, katika mlango ule ule, amemtaja mnyama mwingine aitwaye ibn-awa, na akasema kwamba kauli iliyo sahihi zaidi ni kuwa yeye ni haramu, pamoja na paka wa mwituni. Sasa mnyama wetu ni yupi kati ya wawili hawa? Mbweha anayelia usiku katika vichaka vya Bagamoyo na Saadani, anayekula panya, matunda na mizoga, ni ibn-awa. Jamaa ya thaalab aliyemo nchini mwetu ni yule mdogo mwenye masikio makubwa, bweha masikio, naye makazi yake ni nyanda kavu za kaskazini kama Serengeti. Kiswahili kimewapa wote jina moja, lakini fiqhi imewatenganisha.

Kwa hiyo mbweha wa kijana wetu haliwi. Kuuzwa kwake pia kuna tatizo, kwani katika Minhaj hiyo hiyo imekuja kuwa haisihi kumuuza mnyama mkali asiye na manufaa. Ama mwili wake akiwa hai ni tohara, kwani katika madhehebu yetu kila mnyama hai ni tohara isipokuwa mbwa, nguruwe na kizazi chao. Nguo ikimgusa haina haja ya kuoshwa mara saba. Mkojo wake na kinyesi chake ni najisi.

Ngawa na manukato ya zabadi

Wako watakaosema kuwa wazee wetu walifuga wanyama wa porini. Ni kweli, na mfano ulio wazi ni ngawa na mdogo wake fungo. Wanyama hawa wana vifuko karibu na mkia vinavyotoa mafuta mazito yenye harufu kali, yaitwayo zabadi. Neno hili ni la Kiarabu, likaingia katika Kiswahili pamoja na biashara yenyewe. Zabadi ilikuwa katika manukato ya harusi na ya sikukuu kama vilivyokuwa udi na miski.

Ushahidi wa biashara hii umo hata katika wanyama wenyewe. Katika visiwa vya Unguja, Pemba, Komoro na Bukini yupo ngawa mdogo ambaye asili yake ni Asia. Mnyama huyu hakuivuka Bahari ya Hindi kwa kuogelea. Wataalamu wanaona kwamba aliletwa na watu, na manukato yake ndiyo sababu inayotajwa. Waliotoroka wakazaana, na mpaka leo wako katika vichaka vya visiwa hivyo. Hapa pana funzo: mtu hufungua tundu kwa siku moja, na athari yake hubaki kwa karne nyingi.

Mafaqihi walilijadili jambo hili. Imam Nawawi katika al-Majmu ametaja kwamba baadhi ya wanazuoni walidhani zabadi inatokana na paka wa baharini. Yeye akarejea maelezo ya watu waaminifu wenye ujuzi, kwamba ni paka wa nchi kavu, na akahukumu kuwa zabadi ni tohara na inafaa kuuzwa, ila mtu ajihadhari na manyoya yaliyochanganyika nayo. Tazama adabu ya wanazuoni: hukumu inatanguliwa na kumjua mnyama. Laiti na sisi tungefanya hivyo kabla ya kusema mbweha ni halali!

Lakini hukumu ya zabadi ni mlango mmoja, na hukumu ya kumtendea ngawa ni mlango mwingine. Nchini Ethiopia, ambako biashara hii imedumu kuliko kwingine na Waislamu wengi wameishughulikia, ngawa hukamatwa porini, akawekwa katika tundu jembamba ambalo hata kugeuka hawezi, na kila baada ya siku kadhaa hubanwa akakwanguliwa zabadi. Wengi hufa mapema. Je, uhalali wa manukato unahalalisha tundu hilo?

Haki ya mnyama kabla ya manufaa yake

Wanazuoni wetu wamejibu zamani. Al-Qaffal aliulizwa juu ya kuwafungia ndege katika tundu ili kusikiliza sauti zao. Akajibu kuwa inajuzu, kwa sharti kwamba mwenye ndege awatimizie mahitaji yao, kama mnyama aliyefungwa kamba. Ibn Aqil wa Kihanbali (aliyefariki 513 Hijria) alilichukia jambo hilo na kuliona ni upumbavu na mateso. Ama Sheikh Izzuddin bin Abdissalam (aliyefariki 660 Hijria) ameorodhesha haki za wanyama juu ya mwanadamu: amlishe hata akiwa mzee au mgonjwa asiye na faida tena, asimtwishe asichokiweza, wala asimweke pamoja na kinachomdhuru. Na katika mlango wa nafaka, mafaqihi wamesema mwenye mnyama asikamue maziwa kiasi cha kumdhuru ndama, na mfuga nyuki awaachie asali ya kuwatosha. Ukipima tundu la ngawa kwa mizani hii, hukumu yake inajulikana.

Tulipokuwa wanafunzi

Tunasema haya tukiwa na deni. Tulipokuwa vijana wa madrasa, upande wa Kaole, mwenzetu mmoja aliokota kitoto cha mbweha katika shamba la mihogo. Tukakifunga kwa kamba ya usumba chini ya mkorosho, tukakipa jina, tukakizoesha kula dagaa mkononi. Ikaja Idd. Kila mmoja akaenda kwao, na kila mmoja akidhani kuna mwenziwe aliyebaki. Tuliporudi, kamba ilikuwa imejizungusha mtini mpaka mwisho, na bakuli la maji lilikuwa mbali na mahali alipofikia.

Mwalimu wetu hakutupiga. Alituamuru tuchimbe tumfukie. Kisha akatufungulia hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Ibn Umar, ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie. Akatutaka tuisome mmoja mmoja kwa sauti. Mpaka leo hatuisomeshi hadithi hiyo ila tunauona mkorosho ule.

Hadithi hiyo, ndugu msomaji, imetaja njia mbili: kulisha au kuachia. Hakuna njia ya tatu.

Jibu letu kwa kijana

Baada ya siku hizo tulimjibu hivi.

Kwanza, maadamu mnyama yuko mkononi mwake, nafaka yake ni wajibu tangu leo: chakula, maji, kivuli, na nafasi ya kutembea. Mbweha ni mnyama wa usiku na wa jozi, na kamba fupi kwake ni adhabu.

Pili, asimtupe tu kichakani. Kitoto kilicholelewa na watu hakijui kuwinda wala hakiogopi mbwa, na kukiacha hivyo si kuachia kulikokusudiwa.

Tatu, sheria ya nchi, Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, hairuhusu kumiliki mnyamapori bila kibali, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 inakataza kumtesa mnyama. Amri ya mtawala yenye maslahi kwa raia inafuatwa. Aende kwa afisa wanyamapori, aseme ukweli.

Nne, hakuna kudhuru wala kudhuriana. Mbweha hubeba kichaa cha mbwa, na huko Lindi na Mtwara watafiti wamemkuta kuwa na sehemu kubwa katika ueneaji wake. Mtoto akiumwa, jeraha lioshwe kwa maji na sabuni kwa dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku hiyo hiyo kwa chanjo. Dalili zikishadhihiri, ugonjwa huu karibu kila mara huua.

Kijana aliinamisha kichwa, akasema watoto watalia. Tukamwambia: kaka mdogo wa Anas, Abu Umayr, naye alihuzunika alipofiwa na ndege wake, na Mtume (s.a.w.) hakumdharau, bali alimliwaza kwa utani mwema. Nawe waliwaze wanao. Kisha wapeleke Saadani, ambayo tangu 2005 ni Hifadhi ya Taifa, iliyo pwani hii hii yetu, wamsikie mbweha akilia usiku katika umma wake. Kwani Allah ametufahamisha katika Suratul An'am, aya ya 38, kwamba wanyama nao ni umma mfano wetu.

Wallahu a'lam.