Sala Wakati wa Mateso: Fundisho la Baraka na la Makobola



Siku za Jubilei ni desturi kuhesabu neema: ubatizo, ndoa, makanisa yaliyojengwa. Lakini wakristu wa kandokando ya Ziwa Tanganika hawawezi kuandika historia yao bila kuandika pia machozi yao. Na penye machozi swali moja halikosi, hata kwa wale wanaosali rozari kila siku: Tuliwaombea wapendwa wetu, sababu gani Mungu hakuzuia? Swali hili si dhambi. Yobu aliliuliza, na watunga Zaburi waliliuliza. Tutafute jibu katika historia yetu wenyewe.

Tarehe 28 Novemba 1964, wakati wa maasi ya Wasimba, Frère Vittorio Faccin alipigwa risasi kwenye misioni ya Baraka. Padri Luigi Carrara alikuwa kanisani akiungamisha. Alipotoka aliamriwa kupanda motokari. Akakataa kumwacha ndugu yake aliyelala chini, akauawa karibu naye. Siku ileile, kule Fizi, wakauawa Padri Giovanni Didonè na Abbé Albert Joubert, mzaliwa wa kando ya ziwa hilihili. Tarehe 18 Agosti 2024, Kardinali Fridolin Ambongo aliwatangaza wote wanne kuwa Wenye Heri, huko Uvira. Tuangalie vema: walikuwa watu wa sala, na sala haikuwaondolea kifo. Bali mtu aliyezoea kukaa mbele ya Mungu aliweza, saa ya hatari, kukaa karibu na ndugu yake.

Miaka 34 ilipita. Kila tarehe 28 Desemba Eklezia hukumbuka Watoto Mashahidi waliouawa na Herode, na kilio cha Rakeli asiyekubali kufarijiwa. Mwaka 1998, siku mbili tu baada ya sikukuu hiyo, mauaji yalianza Makobola, yakaendelea mpaka tarehe 2 Januari 1999. Katikati yake kulikuwa tarehe 1 Januari, ambayo tangu mwaka 1968 ni Siku ya Amani kwa agizo la Papa Paulo VI. Basi dunia nzima ilikuwa ikiombea amani wakati watu wa Makobola walipokuwa wakiuawa. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2010 yasema kwamba askari wa RCD, pamoja na wa Rwanda na wa Burundi, waliua watu zaidi ya 800 katika Makobola, Bangwe, Katuta, Mikunga na Kashekezi. Kati yao walikuwamo watoto, watu wa Msalaba Mwekundu na viongozi wa dini.

Mbele ya hesabu hiyo tusiseme maneno mepesi. Sala haikurudisha hata mtoto mmoja. Anayewaambia wafiwa kwamba imani yao ilikuwa ndogo anawaongezea kidonda, tena anasema uongo, kwani Yezu mwenyewe aliomba kikombe kimwondokee, na hakikuondolewa.

Kwetu, mtu akifiwa, majirani wanakuja kuketi kilioni. Wanaketi mchana, wanalala nje usiku. Kuketi kwao hakumfufui marehemu. Lakini nani atasema hakuna maana? Asiyekuja ndiye tunayemshangaa. Maria naye chini ya msalaba hakuweza kung'oa hata msumari mmoja, ila hakuondoka. Sala kwa ajili ya wapendwa wanaoteswa ni ya namna hiyo: ni kukataa kuwaacha peke yao, na kumwita Mungu aje kuketi pamoja nasi. Hata kumlalamikia ni kusali, maana mtu hamlalamikii asiyekuwapo.

Tena, anayeketi kilioni huleta kuni na maji. Vivyo hivyo sala isiyozaa kazi ni maneno matupu. Waliovuka ziwa kuelekea Kigoma, hata wakafika kambi ya Nyarugusu, walihitaji sala, lakini pia unga na blanketi. Na wafu wetu wanahitaji Misa, lakini pia ukweli na haki, pasipo kisasi.

Kwa hiyo, katika Jubilei hii, kila shirika liandike majina ya marehemu wake wa vita, na majina hayo yasomwe kwa sauti kanisani kila tarehe 30 Desemba. Anayetajwa mbele ya altare hakuachwa.