Amezidiwa na nini?

Mvua za Novemba zikianza Makere, barabarani kati ya Kasulu na Kibondo, darasa la bati lisilo na dari hugeuka ngoma. Mwalimu anapaza sauti, watoto wanapaza zaidi. Mwenye usonji, kwenye dawati la ukutani, ameziba masikio kwa viganja. Jirani yake anamvuta mkono, anataka amsikilize. Hapo mtoto anapiga kelele, anasukuma dawati, anajiuma kifundo cha mkono. Mtu anasema mlangoni, "Huyu ana hasira za kwao," na fimbo inatafutwa.

Waingereza huiita hali hii kwa neno litumikalo pia pale kiini cha mtambo wa nyuklia kinapopata joto hadi kikayeyuka. Tafsiri inayotujia haraka ni "mlipuko wa hisia", nami siitaki. Ukisikia mlipuko unajihami, na anayejihami mbele ya mtoto wa miaka tisa humkaba, akamwongezea yaleyale yaliyomshinda. "Hasira kali" ni mbaya zaidi. Hasira ina mlengwa. Mtoto huyu hamlengi mtu.

Neno tunalo: kuzidiwa. Mgonjwa akibadilika usiku wa manane tunasema amezidiwa, na papo hapo inatafutwa bodaboda. Hakuna anayemgombeza kwa kuzidiwa. Tena kitenzi hiki, kikiwa katika kauli ya kutendwa, kinadai swali lake: amezidiwa na nini? Na majibu yapo. Kishindo cha bati, kola ya shati jipya inayowasha, kipindi cha hesabu kilichohamishwa bila yeye kuambiwa, moshi wa jikoni. Yule jirani alimvuta mkono mtu aliyekuwa amejaa tangu asubuhi.

Kinyongo nacho kinahitaji kutazamwa. Mwezi umepita, mtoto bado hakai karibu na mwenzake, na anasimulia kisa chote: siku ile, rangi ya sweta, maneno yaliyosemwa. Tunasema ameweka kinyongo. Lakini kinyongo huwekwa. Mwenyewe anakitunza akingojea siku yake. Watu wengi wenye usonji hueleza jambo lingine: tukio linawarudia lenyewe, na maumivu yake mabichi. Basi tuseme limemrudia. "Peaneni mikono yaishe" haimsaidii. Kinachosaidia ni maelezo yaliyonyooka: alikuvuta kwa sababu alidhani unacheza, kuanzia leo atakuuliza kwanza.

Wakati mwingine mtoto mwenyewe hana neno la kutaja anachohisi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 daktari wa akili Peter Sifneos, huko Boston, aliunda kwa Kigiriki istilahi yenye maana ya kukosa maneno ya hisia. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulikuta hali hiyo kwa takriban nusu ya watu wenye usonji waliopimwa, na kwa mmoja hivi kati ya ishirini wasio na usonji. Kwa hiyo mtoto anaweza asijue kwamba amekasirika mpaka maji yamefika shingoni. Ukimwuliza "Umekasirika?" anakukodolea macho. Mwulize kama tumbo limekaza, kama mikono ina moto.

Istilahi iliyozoeleka ofisini ni "udhibiti wa hisia". Udhibiti ni neno la forodhani na mipakani, na linamwachia mtoto kazi yote. Mimi nashika kutulizana. Hakuna mtoto mchanga aliyejituliza: alibebwa mgongoni kwa kitenge, akasikia pumzi ya mama, akapoa. Kujituliza huja baadaye, na kwa wengine huchelewa sana.

Kasulu inajua uzito wa neno. Kabanga, wilayani humo, shule ilipokea watoto wenye ualbino waliokimbia kuuawa na kukatwa viungo, na katika miaka hiyohiyo Watanzania tulikuwa tunajifunza kuacha kusema "zeruzeru" na kusema "mtu mwenye ualbino". Neno jipya peke yake halikuzuia panga. Lakini lilimtanguliza mtu, na sheria ya watu wenye ulemavu ya mwaka 2010 ikasema vivyo hivyo: mtu mwenye.

Kwa mwalimu wa Makere naomba daftari tu. Badala ya "amefanya fujo", aandike: alizidiwa, saa nne, mvua kubwa. Alizidiwa, saa tano, mvua. Alizidiwa, saa nne, mvua. Kisha ampe mama yake asome, na kesho yake mawingu yakitanda amtoe mtoto barazani kabla tone la kwanza halijagonga bati, au amfunge kitambaa kizito masikioni.